AMPLI INAVUMA, AMPLI INALIA PEKE YAKE
Somo kwa wapiga gitare, waimbaji, na wote wanaopenda kushika fero ya kusude



Wengi wenu mlikuwa katika chumba kikubwa ile siku ya Posho kikundi chetu kilipoleta ampli ya gitare tuliyoitengeneza kwa mikono yetu. Mulikumbuka namna ilivyokwenda. Tuliingiza fishi, tukangoja lampi zipate moto, na mbele hata gitare haijaguswa, bafle ikaanza kuvuma: mmmmmm! Mpiga gitare akapandisha volimu apite ule mvumo. Ilipofika nusu, ampli ikalia kama filimbi ya treni. Watoto wa darasa la kwanza wakaziba masikio. Mmoja akapaza sauti: «Yaya, inalia na mutu hajaigusa!» Watu wakacheka, na sisi tukazima.

Lakini jambo tunalotaka kuwaambia leo si kicheko. Kisha ile haya, mwenzetu mmoja alisikia kwa watu kwamba mvumo unaisha ukikata waya wa udongo kwenye fishi. Akaukata bila kuuliza. Na kweli, mvumo ukapunguka! Tukafurahi. Siku ya pili mwimbaji alishika kamba za gitare, akakaribisha kinywa kwa mikro ya kuimbia, akaruka nyuma na kushika midomo yake. Moto ulikuwa umempiga. Hakuumia sana, asante kwa Mungu. Ila tangu hapo tulijua: ile haikuwa dawa, ilikuwa sumu. Njo sababu tunaandika somo hili. Tunataka kila mmoja ajue kutafuta ugonjwa wa ampli kwa akili, hatua kwa hatua, bila kujiua na bila kuua mwenzake.

I. MBELE YA YOTE: MAISHA

Ampli ya lampi si kama radio ndogo ya mabetri. Ndani yake muko volti 250 mpaka 350, wakati mwingine zaidi. Na hata ukizima, hata ukitoa fishi, kondensa za kusafisha umeme zinachunga ile nguvu, kama mtungi unavyochunga maji. Basi tunafuata sheria hizi:

1. Toa fishi kwa prizi. Kuzima kifungo tu haitoshi.

2. Toa umeme katika kondensa kwa rezistansi ya omi 10.000, wati 5, iliyofungwa kwa waya wenye ngozi nzuri. Gusisha upande mmoja kwa shasi na upande mwingine kwa mguu wa juu wa kondensa, hesabu mpaka kumi. Hapana kutumia turnevisi: cheche inaharibu kondensa, na inaweza kuharibu macho.

3. Kisha pima kwa multimetri. Ikiwa chini ya volti 10, unaweza kuweka mkono. Ngoja kidogo, pima tena, sababu kondensa inaweza kurudisha nguvu kidogo yenyewe.

4. Kama ni lazima kupima wakati ampli inawaka, mkono mmoja unafanya kazi, mkono wa pili unakaa mfukoni ao nyuma ya mgongo. Umeme unaopita toka mkono mmoja mpaka mwingine unapita kwenye moyo.

5. Hapana kufanya kazi hii peke yako. Mwenzako asimame karibu na prizi, na ajue kutoa fishi upesi.

6. Shasi ya chuma inafungwa na waya wa udongo, daima. Anayekata waya huu anaacha mlango wazi kwa kifo.

Hatusemi hivi kwa kuogopesha watoto. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitare Les Harvey wa kikundi Stone the Crows alikuwa jukwaani Swansea, Wales. Aligusa mikro iliyokosa kuunganishwa vema na udongo, akafa mbele ya watu. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani akipiga gitare ya umeme isiyokuwa na udongo mzuri. Hawa walikuwa watu wa kazi ya muziki, na vyombo vyao vilitoka dukani.

Neno moja tena, na tunaomba mlisome mara mbili. Wengi wanatafuta lampi na transfo katika radio za zamani. Ni vizuri, na sisi tulifanya vile. Lakini kuko radio za zamani zisizokuwa na transfo ya umeme. Filamenti za lampi zake zinafuatana kwa mstari mmoja, na shasi inaunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukuta. Utazitambua kwa lampi zinazoanza na herufi U: UCL82, UL84, UY85. Radio kama hiyo HAPANA KUIFANYA AMPLI YA GITARE. Fishi ikigeuka tu kwenye prizi, kamba za gitare zitakuwa na volti 220. Zile zinazoanza na herufi E, kama ECC83, EL84, EZ81, zinakula volti 6,3 kwa filamenti, na kwa kawaida ziko na transfo. Hata hivyo, hakikisha kwa macho kwamba transfo iko, na ni ya bobini mbili zilizotengana.

II. SAFARI YA SAUTI

Mganga hawezi kutibu mwili asioujua. Ampli yetu ni ndogo, iko na lampi tatu:

– ECC83: ndani yake muko lampi mbili katika chupa moja. Ya kwanza inapokea sauti dhaifu ya gitare na kuikuza. Kisha sauti inapita kwa kifungo cha volimu, inaingia lampi ya pili, inakuzwa tena.

– EL84: lampi ya nguvu. Inasukuma transfo ya kutokea, na transfo inasukuma bafle.

– EZ81: haipitishi sauti. Kazi yake ni kunyoosha umeme unaokwenda na kurudi, uwe wa njia moja. Kisha kondensa zinausafisha.

Basi sauti inatoka gitare, inapita waya, ECC83 ya kwanza, volimu, ECC83 ya pili, EL84, transfo, bafle. Shikeni mstari huu kichwani. Kutafuta ugonjwa ni kuuliza: uchafu unaingia kwa mlango gani wa njia hii?

Kumbukeni tena kwamba kuvuma na kulia peke yake ni magonjwa mawili mbalimbali. Mvumo ni umeme wa ukuta unaoingia katika sauti. Kulia peke yake ni ampli inayojisikiliza yenyewe na kujijibu. Dawa ya moja si dawa ya nyingine.

III. MVUMO: KWANZA SIKIA NOTI YAKE

Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja, yaani 50 Hz. Lampi EZ81 inanyoosha pande zote mbili, kwa hiyo mawimbi yanayobaki yanakuwa mara 100 kwa sekunde. Njo kusema mvumo unaweza kuwa wa 50 ao wa 100, na kila mmoja unasema jina la mama yake. (Vitabu kutoka Marekani vinaandika 60 na 120, sababu umeme wao ni wa 60.)

Namna gani kuzitofautisha bila chombo cha bei? Tuko na gitare! Ikiwa imepangwa vizuri, shika kamba nene kabisa kwenye kituo cha tatu. Hiyo ni noti ya sol, 98 Hz, karibu kabisa na 100. Kama ampli inavuma kwa noti ile ile, na sauti yake ni kali kidogo, mvumo ni wa 100. Kama inavuma chini zaidi, sauti ya mviringo na laini, ni wa 50: sol ya kamba nene ya gitare ya besi, 49 Hz.

Wa 100 unatuambia: angalia kondensa za kusafisha.
Wa 50 unatuambia: angalia filamenti, waya za kuingiza sauti, masi, ao transfo iliyo karibu mno.

Muwe na akili hapa. Ikiwa umeme unatoka kwa grupu na mashini inakwenda polepole, noti zote zinashuka pamoja. Ikiwa EZ81 imekufa upande mmoja, inanyoosha nusu tu, na mvumo wa kondensa unakuwa wa 50. Na kama umeme unatoka kwa betri ya sola kupitia konvertisere ya bei ndogo, inayotoa mawimbi ya pembe badala ya mawimbi ya mviringo, ampli nzima kabisa itatoa sauti kama nyuki. Hapo hapana kubomoa kitu. Ijaribu kwanza kwa umeme mwingine.

IV. KUTAFUTA MLANGO

Fanya majaribu haya kwa mpango. Moja kwa moja, hapana kuruka.

Jaribu la kwanza: toa gitare na waya wake. Unganisha mlango wa kuingilia na masi. Mvumo umeisha? Ugonjwa uko kwa gitare ao kwa waya, si kwa ampli. Mara nyingi ni ngozi ya chuma ya waya iliyokatika ndani ya fishi. Ao ni mikro ya gitare yenye bobini moja, ambayo inakamata mvumo wa transfo na wa taa ndefu za neoni. Zunguka mwili kidogo na gitare: ukisikia mvumo unapanda na kushuka, njo hiyo.

Jaribu la pili: rudisha volimu kwa zero. Mvumo umeisha? Unaingia mbele ya volimu, kwa lampi ya kwanza. Umebaki sawasawa? Unaingia nyuma ya volimu.

Jaribu la tatu: zima, ngoja chupa ipoe, toa ECC83, washa tena. Mvumo umebaki? Basi ECC83 haina kosa. Tafuta kwa EL84, kwa transfo, ao kwa kondensa za kusafisha. EL84 hapana kuitoa wakati wa jaribu hili: bila mzigo volti zinapanda, na kondensa ya zamani inaweza kupasuka. Na hapana hata siku moja kupiga ampli bila bafle kufungwa, transfo ya kutokea inaweza kuungua.

Kwa majaribu matatu tu, pasipo kununua kitu, umekwisha kufunga milango mingi. Sisi tulipofanya hivyo tulipata hivi: mvumo wa 100, volimu kwa zero haibadilishi kitu, ECC83 ikitoka haibadilishi kitu. Kumbe tulitaka kubadilisha ECC83, ndiyo lampi isiyokuwa na dhambi!

V. SABABU NA DAWA ZAKE

(a) Kondensa kavu. Kondensa za kusafisha ziko na maji ya dawa ndani. Miaka ikipita, na joto likiwa nyingi, zinakauka. Tufanye hesabu pamoja na ndugu wa hesabu. Mawimbi yanayobaki, toka juu mpaka chini, ni karibu mkondo ukigawanywa kwa (100 mara kondensa). Ampli yetu inakula kama ampere 0,06. Kondensa ya mikrofaradi 50 inaacha 0,06 : (100 × 0,00005) = volti 12. Hatua za kusafisha zinazofuata zinaweza kumaliza hiyo. Kondensa ile ile ikikauka na kubaki mikrofaradi 10, inaacha volti 60! Njo ile mmmmmm tuliyosikia.

Kujaribu: zima, toa umeme, funga kondensa nzuri kando ya ile ya zamani, + kwa + na – kwa –, yenye volti 450, kisha washa. Mvumo ukipunguka sana, umepata mwizi. Mtoe mzee, weka mpya. Hapana kuigusisha wakati ampli inawaka. Hapana kugeuza + na –, inapasuka. Na hapana kusema «tutie kubwa sana»: EZ81 inakubali mwisho mikrofaradi 50 kwa kondensa ya kwanza.

(b) Filamenti. Waya za volti 6,3 zinabeba mkondo mkubwa wa 50 Hz. EL84 inakula ampere 0,76, ECC83 inakula 0,3. Waya hizi mbili lazima zisokotwe pamoja kama kamba, zikae pembeni ya shasi, mbali na waya za grili. Tena lazima ziwe na katikati iliyofungwa kwa masi. Kama transfo haina waya wa katikati, weka rezistansi mbili za omi 100, kila moja toka upande mmoja mpaka masi. Dawa ya bei ndogo, na inaponya wengi.

(c) Masi. Watu wanafikiri masi ni masi, popote. Apana. Mkondo mkubwa wa kondensa ya kwanza ukipita katika waya ule ule ambao lampi ya kwanza inatumia kama zero yake, ile zero inatikisika, na lampi inakuza mtikisiko. Kondensa ya kwanza na katikati ya bobini ya volti za juu zifungwe pamoja. Masi za lampi zifuatane kwa mpango wa safari ya sauti. Mwisho, mahali pamoja tu, karibu na mlango wa kuingilia, zifungwe kwa shasi. Waya wa udongo wa fishi uko na parafujo yake peke yake.

(d) Mzunguko wa masi. Hili njo lililotudanganya. Ampli ilikuwa imefungwa kwa waya wa sauti na sono ya waimbaji, na kila moja iko na udongo wake kwa prizi mbalimbali. Ikawa kama pete kubwa ya waya, na umeme ulizunguka humo. Ukikata udongo wa fishi, pete inakatika, mvumo unapunguka. Lakini ulinzi wa maisha umekatika pia! Dawa ya kweli: vyombo vyote viwili vile umeme kwa prizi moja, ao weka transfo ndogo ya sauti kati yao. Waya wa udongo unabaki mahali pake.

(e) Transfo mbili zinazoongea. Transfo ya umeme na transfo ya kutokea zikilala namna moja, karibu-karibu, ya kwanza inamwagia ya pili mvumo wa 50. Geuza moja robo ya mzunguko, ao zitenge. Unaweza kutafuta mahali pazuri mbele ya kutoboa shasi.

(f) Kondensa ya kuunganisha inayovuja. Pima mguu wa 2 wa EL84, njo grili. Kwa kawaida ni volti zero. Ukikuta volti 2 ao 3 za +, kondensa inayotoka ECC83 inavuja. Lampi inakula mkondo kupita kiasi, mvumo unaongezeka, na mwisho lampi inakufa. Pima na katodi, mguu wa 3: kwa anodi ya volti 250 na rezistansi ya omi 135, inafaa uone karibu volti 7,3. Ikizidi sana, zima upesi.

VI. AMPLI INALIA PEKE YAKE

Mtu akisimama kati ya milima miwili na kupaza sauti, mwangwi unarudi ukiwa dhaifu, unakufa. Lakini tuseme mwangwi urudi na nguvu sawa ao zaidi, na urudi kwa wakati wake barabara: sauti haitakufa tena. Ampli ni vile vile. Sauti ya kutokea ikipata njia ya kurudi kwa mlango wa kuingilia, ikiwa na nguvu ya kutosha na inakwenda upande mmoja na ile ya kwanza, ampli italia hata bila gitare.

Hii si ubaya tu. Edwin Armstrong wa Marekani, kwenye mwaka 1912, alitumia kurudisha huko kwa kupa radio nguvu, na kwa kutengeneza mawimbi ya kutuma. Mwaka 1927 Harold Black akafanya kinyume: alirudisha sehemu ya sauti kwa kuigeuza, ampli ikawa safi zaidi. Basi kitu kimoja, kikigeuzwa, ni dawa ao ugonjwa.

Sikieni aina nne:

1. Filimbi inayoanza volimu ikipanda. Mara nyingi waya wa anodi ya EL84 (mguu wa 7) ao waya wa bafle unapita karibu na waya wa grili ya ECC83. Jaribu: chukua kijiti cha muti kikavu kabisa, kirefu, na mkono mmoja tu, sukuma waya polepole wakati ampli inalia. Filimbi ikibadilika, umepata. Fupisha waya, uutenge, ao tumia waya wenye ngozi ya chuma, ngozi ifungwe kwa masi upande mmoja. Tena sudia rezistansi ya omi 68.000 kwenye grili ya ECC83, na ya omi 1.000 mpaka 10.000 kwenye grili ya EL84, karibu kabisa na mguu wa soko. Ikikaa mbali haisaidii.

2. Kulia kwa nguvu kwa volimu yoyote, tangu siku ulipofunga waya wa kurudisha sauti toka transfo ya kutokea. Waya za transfo zimegeuka. Zima, toa umeme, geuza waya mbili za upande wa bafle, washa. Kama haikulia tena, acha vile.

3. Pu-pu-pu-pu kama pikipiki inayongoja. Lampi zinaongea kupitia umeme wao. Kondensa ya kusafisha ya ECC83 imekufa ao haipo. Weka rezistansi ya omi 10.000 na kondensa ya mikrofaradi 22 kati ya umeme wa EL84 na ule wa ECC83.

4. Kulia kusikosikika. Ampli haitoi filimbi, lakini sauti ni dhaifu, imekwaruza, na EL84 inakuwa nyekundu kwenye bamba lake. Inalia juu kupita masikio ya watu. Dawa ni zile za namba 1.

Kuko na mbili zinazofanana na ugonjwa huu, na si huo. Gonga ECC83 polepole na kalamu ya muti: ikilia kama kengele, ile chupa imelegea ndani, ibadilishe. Na kama inalia tu wakati gitare iko mbele ya bafle, ni hewa inayorudisha sauti kwa kamba. Mpiga gitare asogee, ageuke.

VII. MWISHO WA MAMBO YETU

Ampli yetu tuliitibu hivi. Kondensa ya kwanza ilikuwa kavu, tukaweka mpya: mvumo mkubwa ukaisha. Ukabaki mdogo, wa 50. Tukaweka rezistansi mbili za omi 100 kwa filamenti: kimya. Filimbi tuliipata kwa kijiti: waya wa mlango wa kuingilia ulikuwa mrefu mno, umelala juu ya waya wa anodi ya EL84 kama ndugu wawili katika kitanda kimoja. Tukaufupisha. Waya wa udongo tuliurudisha, na aliyeukata njo aliyeusude kwa mkono wake. Ampli na sono zikala kwa prizi moja. Kazi yote ilikula siku tatu za kisha masomo. Ile siku ya haya tungebadilisha lampi zote, tungepoteza feza, na mvumo ungebaki.

Baba zetu wa Katanga walifanya gitare isikike mbali bila ampli. Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, na gitare kavu tu. Ampli haitupi vidole vyake. Inapaza kile tulicho nacho, kizuri na kibaya pamoja. Basi tusafishe kwanza kile inachopaza.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Ampli inavuma kwa noti ya sol, kituo cha tatu cha kamba nene. Volimu kwa zero, mvumo unabaki. Utaanza kuangalia wapi?

2. Rafiki anakuambia: «Kata waya wa udongo, utaona.» Utamjibu namna gani, na utafanya nini badala yake?

3. Umeleta radio ya mzee nyumbani. Ndani umekuta UCL82 na UY85. Je, inafaa kwa gitare? Sababu gani?

4. Ampere 0,06 na kondensa ya mikrofaradi 20: mawimbi yanayobaki ni volti ngapi?

Majibu ya namba 4: volti 30. Majibu ya namba 2 tunataka yakae katika mikono yenu kila mara mnaposhika fishi.

Mwenye ampli inayosumbua alete kwa kikundi chetu kisha masomo, na asije peke yake: aje na mwenzake wa kusimama karibu na prizi.